Mashine Iliyoshika Chapati

Unga wa ngano ukiungua una harufu yake. Huanza tamu kama mkate, kisha hugeuka chungu kooni kabla hata hujaona moshi. Wiki chache baada ya kumzika baba, harufu hiyo ilipanda ngazi za jumba ninamoishi Hurlingham, ikapita chini ya mlango wangu asubuhi nikijiandaa kwenda kazini. Jirani alikuwa ameunguza kitu, basi. Lakini nilikaa kwenye mkono wa kochi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, nikashindwa kuinuka. Ninyi mliokwisha kumzika mzazi mnajua jinsi kitu kidogo kama hicho kinavyoweza kukukalisha chini. Kazini nilichelewa, na nilipoulizwa nilisema ni foleni ya magari.

Kwa mawazo nilirudi Kangemi asubuhi ile, kwenye chumba chetu cha ghorofa ya tatu, mwaka ambao mama alifariki. Nilikuwa darasa la nne na ndugu yangu Simiyu alikuwa hajaanza shule. Mama aliugua kifua, akalazwa, tukaambiwa anaendelea vizuri, kisha siku moja tukaambiwa tuvae nguo za kusafiria. Tulimzika nyumbani, Bungoma, chini ya mvua iliyofanya udongo ushikamane na viatu vya kila mtu. Tuliporudi Nairobi chumba kilikuwa kilekile. Pazia lililogawanya vitanda na jiko lilikuwa palepale, na kanga yake bado ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Hakuna aliyeigusa. Tulikuwa tunafungua mlango polepole ili isianguke.

Baba alikuwa fundi wa mashine za fotokopi. Alizunguka kwenye maofisi ya mjini na Hurlingham na mkoba wa bisibisi na brashi, akirudi jioni na wino mweusi kwenye mikunjo ya vidole. Alikuwa mtu mpole aliyeamini kwamba hakuna mashine inayokataa bila sababu. "Mashine haina roho mbaya," alikuwa akituambia. "Ikikataa, kuna kitu inasema." Kupika hakujua. Alijua ugali na mayai, na wiki za kwanza tulikula ugali na mayai mpaka Simiyu akaanza kulia akiona yai.

Aliyeleta mashine ya chapati ni Anti Beatrice, dada mkubwa wa mama. Alikuwa muuguzi katika hospitali moja ya Parklands na aliishi hukohuko, peke yake, kwenye nyumba yenye kapeti na kabati la vikombe ambavyo hatukuruhusiwa kugusa. Nilimwogopa. Alikuwa na sura ya mama kabisa, lakini hakuwa na kicheko cha mama, na kwa mtoto hilo lilikuwa kama udanganyifu. Alikuja Jumapili moja baada ya kanisa, akaweka boksi mezani.

"Shemeji, hii haitaki ujuzi," alimwambia baba. "Wahindi wa kwetu Parklands wanatumia kila siku. Unaweka donge, unafunika, unangoja taa. Watoto wasikose chapati kwa sababu dada yangu hayuko."

Baba alishukuru. Aliigeuza mashine, akasoma maandishi ya chini yake, akapitisha kidole kwenye zile sahani mbili nyeusi zilizong'aa kama kiatu kipya. Niliona uso wake ukifunguka kidogo. Ilikuwa mashine, na mashine ilikuwa lugha yake.

Jumapili iliyofuata alikanda unga akiwa bado na shati la kanisani, mikono imekunjwa. Taa nyekundu ikawaka, kisha ya kijani. Aliweka donge katikati, akashusha kifuniko, akakibana kwa viganja viwili. Mvuke ulipiga mluzi, Simiyu akapiga makofi. Baba alipofungua, chapati ilipasuka katikati: nusu ilibaki juu, nusu chini, na kati yao nyuzi za unga mbichi kama kamasi.

"Imeshika," baba alisema.

Alikwangua kwa mwiko. Akaweka jingine, likashika. Akapaka mafuta, likashika na kunuka. Mwisho alichukua kisu, na nilisikia ncha yake ikikwaruza ile rangi nyeusi. Baada ya hapo hakuna kilichotoka kizima kwenye mashine ile. Siku hiyo tulikula vipande vilivyokwanguliwa, vyeusi upande mmoja na vibichi upande wa pili, tukivichovya kwenye chai. Baba alituangalia tukila, yeye mwenyewe hakula.

Kila Jumapili ilikuwa hivyo. Aliifungua kwa bisibisi zake juu ya gazeti, akapanga skrubu kwa mstari, akasema shida ni joto, sahani ya juu inawaka kuliko ya chini. Akairekebisha. Ikashika. Akasema shida ni maji, akapunguza maji. Ikashika. Alijaribu siagi, alijaribu kunyunyiza unga, alijaribu kuacha donge lipumzike chini ya kitambaa kwa sababu mwenzake wa kazini alimwambia. Chini ya jumba letu, kando ya barabara, mama mmoja aliuza chapati moto kutwa nzima, laini, zinazokunjika. Nilimwambia baba tununue kwake.

"Mama yenu alikuwa ananunua chapati?" aliniuliza.

"Hapana."

"Basi."

Mara moja tu aliniomba msaada. Alikuwa amesimama na mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko, jasho likimtoka kwenye paji la uso.

"Nafula, wewe ulikuwa unakaa na yeye hapa jikoni. Alikuwa anafanyaje? Anaanza na maji ama anaanza na mafuta?"

Nilifikiri kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa nimemwona mama akipika chapati maisha yangu yote. Lakini kilichonijia ni viwiko vyake vikienda juu na chini, kitambaa cha maua kilichofunika beseni, na wimbo wa kanisani aliouimba bila maneno. Maji na mafuta sikuyakumbuka.

"Sijui, baba."

"Ni sawa," alisema, na akanigeuzia mgongo.

Siku ambayo mambo yaliharibika kabisa, ilikuwa chapati ya kwanza tu. Baba alifungua kifuniko, akaona, akasema kwa sauti ya chini, "Imeshika tena."

Simiyu alikuwa amesimama juu ya kiti ili aone. "Nani ameshika?" aliuliza.

Alitazama zile nyuzi za unga zilizovutika kati ya sahani, akafikiria. Kanisani walikuwa wametuambia mama hayuko mbali, yuko nasi, anatuangalia.

"Ni mama," alisema. "Mama ameshika. Anataka yake."

Baba alizima swichi ukutani. Aliufuta mkono mmoja kwenye suruali, akatoka kwenye veranda, akasimama ameshika vyuma, mgongo wake kwetu, magari ya Waiyaki Way yakinguruma huko chini. Alikaa huko mpaka donge lililobaki mezani likafanya ngozi kavu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na mimi nikasoma uso ule kama hasira. Niliamini amemkasirikia Simiyu. Kisha, kwa jinsi mtoto anavyopanga hesabu zake, niliamini ametukasirikia sote wawili: kwa sababu tunakula, kwa sababu tusingekuwepo asingelazimika kupigana na mashine ile.

Tangu siku hiyo nilimfundisha Simiyu mambo mawili, tukiwa tumejifunika blanketi moja. La kwanza, asimtaje mama mbele ya baba. La pili, akipewa chakula ale kidogo, kisha aseme ameshiba.

"Lakini mimi sishibi," alisema.

"Sema tu."

Alisema, nami nikafanya vivyo hivyo. Nilikuwa nikimtazama kila jioni akisukuma sahani yake, akiniangalia mimi kwanza kuona kama amefanya vizuri. Baba aliona sahani hizo zikirudi na chakula. Sasa ninajua alichofikiri: kwamba hata ugali wake umetushinda. Wakati ule sikujua kwamba mtu mzima anaweza kuumia kwa kurudishiwa sahani.

Shuleni mwalimu alimwita baba kwa sababu nilikuwa nasinzia darasani. Baba alikuja na mkoba wake wa kazi, akasikiliza, akasema, "Nimeelewa, mwalimu." Njiani kurudi alinishika mkono kuvuka barabara ijapokuwa nilikuwa nimekua, na mkono wake ulikuwa na jasho.

Jioni hiyohiyo, jua likiwa bado kwenye madirisha ya jumba la mkabala, alitoka na simu kwenye veranda. Mlango haukufunga vizuri. Nilikuwa nyuma yake, karibu na kanga ya mama, nikitafuta kiatu cha Simiyu.

"Imenishinda, shemeji," baba alisema. Alisikiliza. "Nimejaribu kila kitu. Wewe mwenyewe unaona. Imenishinda." Akasikiliza tena. "Sawa. Njoo Jumamosi uchukue."

Sikuwa na shaka hata kidogo juu ya kitu alichomwambia Anti aje kuchukua.

Siku zilizobaki niliishi kwa utulivu wa ajabu. Nilifua soksi zetu. Nilifagia mpaka chini ya kitanda. Ijumaa baada ya shule nilitoa mkoba wa mama wa kusafiria, nikaweka nguo za Simiyu, sweta zetu, vitabu vyangu na mswaki. Nilifikiri juu ya kanga, nikaiacha msumarini kwa sababu baba angehitaji kitu cha kuangalia. Simiyu aliuliza tunakwenda wapi. Nilimwambia kwa Anti, kuna kapeti.

"Na baba?"

"Baba ana kazi."

Alikubali. Alikuwa katika umri wa kukubali.

Jumamosi Anti Beatrice alifika kabla ya saa sita, amevaa vizuri, na teksi iliyomleta ikabaki ikimngoja pale chini. Baba alikuwa amenyoa ndevu. Aliniambia nimpeleke Simiyu nyuma ya pazia tucheze, wao wana mazungumzo. Tulikaa kitandani, mkoba kati yetu. Niliwasikia wakinywa chai, vijiko vikigonga vikombe. Hawakuwa wakisema mengi.

"Msichana anakuwa mkubwa," Anti alisema. "Kuna mambo yanakuja, Baba Nafula, wewe hutayaweza. Sio kwa ubaya."

"Najua."

"Na kijana amekonda. Mimi ni nesi, naona."

"Najua, shemeji."

Niliona kwamba watu wazima wameshindwa kuanza, na nikaamua kuwasaidia. Nilimfunga Simiyu vifungo vya sweta, nikamshika mkono, nikauburuta mkoba kupita pazia.

"Tuko tayari," nilisema.

Baba aliangalia mkoba. Aliujua, alikuwa amemnunulia mama. Macho yake yalitoka kwenye mkoba yakaenda kwenye sweta ya Simiyu iliyofungwa mpaka shingoni katika joto lile, kisha yakaja kwangu.

"Tayari kwenda wapi?"

"Kwa Anti. Ulisema imekushinda." Nilitaka ajue kwamba hatuna kinyongo. "Simiyu hatasumbua. Anakula kidogo tu. Nimemfundisha."

"Umemfundisha nini?"

"Kusema ameshiba."

Simiyu alidhani anaombwa kuonyesha. "Nimeshiba," alisema kwa heshima, kwa sauti aliyoitumia kukariri aya za Biblia.

Sijawahi kuona tena uso wa mtu ukibadilika namna ile. Baba aliteremka kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni, magoti yakigonga saruji, akamvuta Simiyu, kisha akanivuta mimi, na nilinusa wino na sabuni ya kunyolea. Alikuwa akilia kwa sauti. Kwenye mazishi hakulia, watu walimsifu kwa hilo.

"Nilikuwa nasema mashine," alisema. "Nafula, nilikuwa nasema mashine. Hii mashine ya chapati ndiyo imenishinda. Ndiyo nimemwambia Anti achukue."

Nilimtazama Anti Beatrice. Alikuwa amesimama, mkono mmoja juu ya meza, akimwangalia baba. Alimwangalia kwa muda mrefu sana. Nilifikiri amekasirika kwa sababu zawadi yake inarudishwa, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma.

"Ndiyo," alisema mwishowe. "Nimekuja kuchukua mashine."

Baba aliinuka, akakunja waya wa mashine, akaitia kwenye boksi. Walishuka ngazi pamoja, baba ameibeba. Tuliwachungulia kutoka juu. Waliongea kidogo kando ya teksi, kisha Anti akaingia, akaweka boksi juu ya mapaja yake, gari likaondoka. Baba alibaki pale barabarani watu wakimpita. Aliporudi juu alikuwa na chapati za yule mama wa chini, zimefungwa kwenye gazeti, bado zina moto. Aliziweka mezani zote.

"Kuleni," alisema. "Hakuna mtu anashiba katika nyumba hii mpaka mimi niseme."

Simiyu alikula mpaka akalala mezani.

Baba alijifunza, baadaye. Yule mama wa barabarani alimfundisha kwa kikaango cha chuma, akimcheka waziwazi mbele ya wateja. Chapati zake zilitoka nene, lakini zilitoka nzima. Alitulea. Alikaa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, alikaa nje ya wadi Simiyu alipovunjika mkono, alininunulia vitu vya msichana dukani bila kuangalia pembeni. Hakuoa tena. Tulianza kumtaja mama, kwanza kwa woga, kisha kama mtu yeyote anavyotajwa. Anti Beatrice alikuja Krismasi na Pasaka. Alituletea viatu. Nilibaki nikimwogopa kidogo, na kadiri nilivyokua hofu hiyo ikawa heshima ya mbali, ile ya kupiga simu siku za sikukuu tu.

Baada ya mazishi ya baba nilikwenda kumwona Parklands. Amestaafu, magoti yanamsumbua, anatembea akishika ukuta. Nilipika chai nikakaa karibu naye, na kwa kuwa tulikuwa tukisimuliana habari za baba, nilimsimulia ile Jumamosi kama kichekesho: jinsi nilivyofunga mkoba kwa sababu ya mashine.

Hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Haikuwa mashine, mama," alisema. Yeye huniita mama tangu nilipokuwa mkubwa.

"Haikuwa nini?"

"Alikuwa amekubali niwachukue. Tulikuwa tumeongea wiki nzima. Siku ile alinipigia analia, akasema imemshinda, nije Jumamosi. Unafikiri ningeweka teksi ingoje kwa ajili ya mashine?"

Nilisikia jokofu lake likinguruma jikoni. Nilijaribu kuupanga upya uso wa baba akiwa sakafuni, na ule uso wa Anti mkono ukiwa mezani, na nikaona kwamba nilikuwa nimesikia sawasawa pale nyuma ya mlango, na kwamba baba alibadilisha mambo yote mbele yangu katika muda wa kuvuta pumzi moja. Na kwamba huyu mwanamke alimwachia.

"Kwa nini hukusema kitu siku ile?"

"Niseme nini? Uliona vile alikuwa amewashika." Alisugua goti lake. "Pale kwa teksi nilimwuliza, sasa inakuwaje? Akaniambia, 'Nipe mpaka shule zifungwe.' Shule zikafungwa, hakupiga. Nikangoja mpaka zikafungwa tena. Sikutaka kumpigia mimi. Alikuwa ameniomba nisiwaambie, na sijawaambia mpaka ameenda."

Nilimwambia sikujua kwamba alitutaka. Nilidhani alikuja kwa sababu ilikuwa wajibu.

"Dada yangu alikuwa na watoto wawili," alisema. "Mimi sikupata. Nilikuwa nimetoa cherehani yangu kwa kile chumba cha nyuma, nikaweka vitanda viwili. Vilikaa hapo mpaka nikapea kanisa."

Alikuwa akiangalia mlango wa chumba hicho. Nami niliuangalia. Mwanamke niliyemwogopa utoto wangu wote alikuwa ametandika vitanda, akarudi nyumbani na boksi la mashine mapajani, akafungua mlango ule.

Nilimshika mkono, nikamwuliza kitu cha kwanza kilichonijia, kama alikuwa amenunua shuka.

"Ya Simiyu ilikuwa na magari," alisema upesi, kana kwamba alikuwa akingoja kuulizwa. "Yako sikujua unapenda rangi gani. Niliweka nyeupe, nikasema ukifika utaniambia."